Poka bila mwenye meza: nani achanganye karata?

BRUSSELS, Ubelgiji

Aliyewahi kupita Kariakoo jijini Dar es Salaam hahitaji kuelezwa karata tatu ni nini. Wakenya mchezo huo huuita pata potea. Kijana anachuchumaa na kipande cha boksi, anazungusha karata tatu, na watu wawili au watatu waliosimama pembeni wanashinda mfululizo. Wewe unatoa noti yako. Unapoteza. Baadaye ndipo unapogundua kwamba wale washindi walikuja naye asubuhi.

Tatizo la karata tatu halimo kwenye karata, ni zile zile zinazochezwa barazani kila jioni. Limo kwenye mkono unaozichanganya, kwa sababu mwenye mkono huo ndiye pia anayegawa na kushika fedha, na kesi ikitokea ndiye anayeamua. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake.

Hapa Brussels, kila mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, maelfu ya waandishi wa programu za kompyuta hukusanyika kwa siku mbili katika chuo kikuu cha ULB, kampasi ya Solbosch, wilayani Ixelles. Mkutano huo unaitwa FOSDEM. Hakuna kiingilio wala kujiandikisha. Kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo ambako wengi wetu hununua mihogo na kunyoa nywele, unapanda basi namba 71 pale Porte de Namur na muda si mrefu umefika.

Watu hawa wanashughulikia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuukosoa na kuurekebisha. Mojawapo ya maswali ya siku nyingi katika ulimwengu wao linafanana sana na lile la Kariakoo: je, watu wasioaminiana na wasioonana wanaweza kucheza poka kwenye intaneti bila mtu wa kati wa kuchanganya karata?

Msomaji atajiuliza inatuhusu nini sisi. Tunamwomba avute subira. Tutaanzia kwenye kamari, lakini hatutaishia huko.

MWENYE MEZA ANAPOONA KARATA ZAKO

Poka ya fedha kwenye intaneti ilianza mwaka 1998. Tangu hapo tovuti nyingi zimefuata mpango mmoja: kampuni ina seva yake, seva inachanganya karata, inampa kila mchezaji zake, na kampuni inakata asilimia yake kwenye kila mkono. Mchezaji haoni kinachofanyika ndani ya seva. Anaombwa kuamini tu.

Wapo walioamini wakajuta. Mwaka 2007 wachezaji wa tovuti ya Absolute Poker walimshuku mtu mmoja aliyekuwa akishinda kana kwamba anaona karata za wenzake. Wakaomba kumbukumbu za mchezo. Kampuni ikatuma faili ambalo, kwa bahati, lilikuwa na zaidi ya kilichoombwa, na wachezaji wakalichambua wenyewe. Ikabainika kuwa kulikuwa na akaunti ya ndani iliyoweza kuona karata zote mezani.

Haukupita muda, tovuti dada ya UltimateBet nayo ikakutwa na uchafu huo huo. Huko wizi ulikuwa umeendelea kwa miaka. Tume ya michezo ya Kahnawake nchini Canada, iliyokuwa imeipa leseni, ilitangaza mwaka 2009 kwamba wachezaji wamerudishiwa zaidi ya dola milioni 22.

Kisha ikaja Aprili 15, 2011, siku ambayo wachezaji wanaiita Ijumaa Nyeusi. Serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa tatu: PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. Miezi michache baadaye waendesha mashtaka walieleza kuwa Full Tilt ilikuwa ikidaiwa na wachezaji kiasi cha dola milioni 390, wakati benki ilikuwa na milioni 60 hivi. Mchezaji aliona salio lake kwenye skrini, kumbe nyuma ya skrini hapakuwa na fedha.

Hayo yalikuwa mambo mawili tofauti. Kwanza, mwenye meza aliziona karata. Pili, mwenye meza alizila fedha. Yeyote anayetaka kujenga poka isiyo na mwenye meza lazima ayatibu yote mawili.

MSIMBO ULIPOFUNGULIWA

Kabla ya kufika huko, kuna kisa cha mwaka 1999 ambacho kila mwandishi wa programu angepaswa kukijua. Kampuni ya ASF Software, iliyokuwa ikitengeneza programu za poka zilizotumiwa na tovuti kadhaa, iliamua kuchapisha hadharani namna inavyochanganya karata. Nia ilikuwa njema: wateja waone kuwa hakuna hila.

Wataalamu wa kampuni ya Reliable Software Technologies ya Virginia, Marekani, waliusoma msimbo ule. Wakashangaa.

Karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia nyingi kupita fikra: andika 8 kisha uifuate na sifuri 67. Lakini programu ile ilianza kuchanganya kwa kutumia namba moja tu ya mwanzo, nayo ilitokana na saa ya kompyuta: idadi ya milisekunde tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde milioni 86 na laki nne. Kwa hiyo mipangilio yote iliyowezekana ilishuka hadi hapo. Na kama mtu akiilinganisha saa yake na ya seva, ilibaki kama laki mbili tu.

Laki mbili kwa kompyuta ni kazi ya kufumba na kufumbua. Wataalamu wale walitengeneza programu ambayo, ikishapewa karata mbili za mchezaji na tatu zilizofunuliwa mezani, iliweza kutaja karata za wachezaji wengine wote na zile ambazo bado hazijafunuliwa. Wakatangaza, na tatizo likarekebishwa.

Wapo wanaosoma kisa hiki na kusema: tazama, wangeficha msimbo wasingeumbuka. Sisi tunakisoma kinyume. Kasoro ilikuwepo kabla ya kuchapishwa, na mwizi mwenye subira angeweza kuigundua kimya kimya na kuitumia kwa miaka.

Ubelgiji yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Kufuli la kielektroniki linalolinda benki, simu na mawasiliano karibu dunia nzima leo, linaloitwa AES, lilibuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, huyo wa pili akitokea chuo kikuu cha Leuven, mwendo mfupi wa treni kutoka hapa. Lilichaguliwa mwaka 2000 na taasisi ya viwango ya Marekani baada ya mashindano ya wazi, ambapo wataalamu wa dunia nzima walialikwa kulivunja. Michoro ya kufuli hilo iko hadharani hadi leo. Siri ni ufunguo tu.

MASANDUKU NA KUFULI MBILI

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka 1979, katika taasisi ya MIT nchini Marekani, wanahisabati watatu, Adi Shamir, Ronald Rivest na Leonard Adleman, waliandika makala fupi kuhusu poka inayochezwa kwa simu, bila karata. Hawa ndio wale walioupa ulimwengu njia ya maandishi ya siri iitwayo RSA. Makala yao ina mzaha ndani yake: kwanza wanathibitisha kihisabati kwamba jambo hilo haliwezekani, kisha wanaonyesha namna ya kulifanya. Siri ya mzaha huo ni kwamba haliwezekani kama mchezaji ana uwezo wa kukokotoa usio na kikomo. Kwa kompyuta za kawaida, linawezekana.

Tuchukue mfano. Sisi tuko Brussels, wewe msomaji uko Mombasa. Tunaweka karata 52 ndani ya masanduku 52 yanayofanana. Kila sanduku tunalipiga kufuli letu, tunayachanganya yote, tunakutumia.

Wewe huwezi kuyafungua. Unachagua matano yoyote na kuturudishia. Sisi tunayafungua kwa ufunguo wetu: hizo ndizo karata zetu, na hukuziona. Kisha unachagua mengine matano kwa ajili yako. Haya unayaongezea kufuli lako juu ya letu, halafu unatutumia. Sisi tunaondoa kufuli letu tu, lako linabaki, tunakurudishia. Unafungua. Hizo ndizo karata zako, nasi hatukuziona.

Mwisho wa mchezo kila mmoja anatoa ufunguo wake, na yote yaliyofanyika yanakaguliwa. Aliyeiba anaonekana.

Kwenye kompyuta masanduku ni namba kubwa, na kufuli ni hesabu zenye sifa moja muhimu: unaweza kuzifunga na kuzifungua kwa mpangilio wowote. Ukiongeza mchezaji wa tatu au wa sita, kila mmoja anachanganya na kufunga kwa zamu yake. Ikitosha mmoja tu kati yao kuwa mwaminifu, hakuna aliyebaki anayeweza kujua mpangilio.

Njia ile ya kwanza ilikuwa na tundu. Mtaalamu Richard Lipton alionyesha kwamba namba zilizofungwa huvujisha alama kidogo, sawa na karata iliyokunjwa pembe. Mwaka 1982 Shafi Goldwasser na Silvio Micali wakaja na njia mpya ya kuziba tundu la aina hiyo, na kazi hiyo, iliyoanza na swali la poka, imekuwa msingi wa elimu ya leo ya mawasiliano ya siri. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Turing, ambayo kwa wanakompyuta ni kama Nobel. Mchezo wa kihuni ulizaa sayansi ya heshima.

KUTOKA KARATASI HADI PROGRAMU

Wenye programu huria hawakuchelewa. Mjerumani Heiko Stamer aliandika LibTMCG, maktaba ya msimbo iliyo chini ya leseni ya GNU, ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure na kujengea mchezo wa karata usio na mgawaji. Ndani yake kuna kazi ya mtaalamu mwenzake, Christian Schindelhauer, ya mwaka 1998. Juu yake ulijengwa mchezo wa skat, karata za Wajerumani za watu watatu.

Hapa tunapaswa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuwa wazi si sawa na kutokuwa na kituo. PokerTH, kwa mfano, ni poka huria iliyopendwa tangu mwaka 2006, msimbo wake unaweza kuusoma wote. Lakini ukicheza na watu wa mbali, bado kuna seva inayogawa karata. Haina fedha, kwa hiyo hakuna anayelia.

Fedha ndiyo iliyokuwa fundo. Kufuli za hesabu zinaweza kulinda karata, lakini nani ashike dau? Jibu likaja na bitcoin, iliyoanza kutumika Januari 2009, daftari la fedha linalotunzwa na kompyuta nyingi pasipo benki. Wadadisi waliosoma msimbo wa toleo lake la mwanzo walikuta humo mabaki ya skrini za mchezo wa poka. Aliyebuni fedha isiyo na benki alikuwa, inaelekea, amewaza pia poka.

Mwaka 2015 ikaja Ethereum, daftari ambalo mtu anaweza kuandika ndani yake mkataba unaojitekeleza: dau linafungiwa humo, na linatoka tu pale masharti yanapotimia. Tangu hapo miradi kadhaa imejaribu kuunganisha karata za MIT na mikataba hiyo.

Mbona basi haijashika dunia? Sababu zipo. Kwanza ni uzito: kila mchezaji lazima afunge karata zote 52 kwa zamu, na watu wamezoea kugawiwa papo hapo. Pili, mchezaji anayeona anashindwa anaweza kuzima kompyuta na kuondoka na ufunguo wake, wenzake wakabaki na masanduku yasiyofunguka. Dawa yake ni kumtoza rehani, au kugawanya ufunguo vipande kati ya wenzake, lakini kila dawa inaleta maumivu yake.

Tatu, na hili halina dawa ya hesabu: wachezaji wawili wakiwa wanapigiana simu pembeni na kutajiana karata, kufuli zote za dunia haziwezi kuwakamata. Ni wale wale waliosimama pembeni ya boksi la Kariakoo.

SHERIA INAMTAFUTA MWENYE MEZA

Ubelgiji ina sheria ya michezo ya bahati ya Mei 7, 1999, na tume yake maalumu. Tangu Januari 2011 michezo ya intaneti nayo imo. Anayetaka kuendesha kasino ya mtandaoni lazima awe tayari ana leseni ya kasino yenye mlango na madirisha hapa nchini, na kasino hizo kisheria hazizidi tisa.

Tangu Septemba 2024 hairuhusiwi kucheza kamari inayosimamiwa na tume hiyo chini ya miaka 21. Mchezaji hawezi kuweka zaidi ya euro 200 kwa wiki katika tovuti moja bila kupitia utaratibu maalumu. Na kuna orodha iitwayo EPIS: kila anayeingia kasino au tovuti yenye leseni jina lake hulinganishwa nayo. Humo wamo majaji, polisi na manotari, ambao sheria inawazuia kucheza. Wamo pia watu walioomba wenyewe wafungiwe, kwa sababu wamejijua.

Sasa fikiria meza isiyo na mwenyewe. Tume itampelekea nani barua? Nani ataisoma EPIS? Baba aliyejifungia mlango kwa kalamu yake mwenyewe ataukuta dirisha liko wazi, na hakuna wa kulifunga. Sheria ya hapa, kwa taarifa ya msomaji, inamwadhibu pia mchezaji anayeshiriki huku akijua mchezo hauna leseni.

Hatuwezi kulipita hili kimya, hasa kwa wasomaji wetu wa nyumbani. Nchini Kenya na Tanzania kamari imehamia kwenye simu, mkononi mwa kijana asiye na kazi. Mchezo wa kindege, Aviator, unajinadi kwamba kila mzunguko wake unaweza kuthibitishwa kihisabati kuwa haukuchezewa. Huenda ni kweli. Lakini mchezo huo huo unatangaza kwamba kwa wastani unarudisha 97 katika kila 100 zinazowekwa. Maana yake tatu zinabaki kwa mwenye mchezo, kila mara, na anayecheza mchana kutwa anazirudisha zile 97 mezani mpaka ziishe. Hesabu inaweza kuthibitisha kwamba hukuibiwa. Haiwezi kukurudishia ada ya shule ya mtoto.

KUTOKA MEZANI HADI SANDUKU LA KURA

Tulimwahidi msomaji kuwa hatutaishia kwenye kamari.

Mei 18, 2003, Wabelgiji walipiga kura. Katika wilaya ya Schaerbeek, hapa hapa Brussels, kompyuta ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada. Ziligundulika kwa sababu alikuwa amepata nyingi kuliko zilivyowezekana katika orodha ya chama chake. Zikahesabiwa upya, na wataalamu wakahitimisha kuwa tarakimu moja ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa imejigeuza yenyewe. Hakukuwa na mwizi. Lakini jiulize: zingekuwa kura 400, nani angeziona?

Miaka sita baadaye, mwaka 2009, chuo kikuu cha Louvain-la-Neuve, kusini mashariki mwa Brussels, kilimchagua mkuu wake kwa programu huria iitwayo Helios. Kura zilifungwa kwa hesabu za familia moja na zile za poka. Kila mpiga kura aliweza kuhakikisha kuwa kura yake imo, na yeyote aliweza kukagua jumla, bila mtu kujua nani kampigia nani. Masanduku na kufuli, tena.

Nyumbani tunayajua maumivu haya kwa majina yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliagiza seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe. Agizo halikutekelezwa kikamilifu, na Septemba 1 uchaguzi wa rais ukafutwa. Mwaka 2018 nchini Kongo mashine za kupigia kura zilibatizwa na wapinzani jina la mashine za kuiba, na tume haikuchapisha matokeo ya kila kituo. Hapa Matonge ubishi ule haujaisha hadi leo.

Kisha Agosti 2022 tume ya Kenya ikaweka mtandaoni fomu za vituo zaidi ya 46,000, na mwenye intaneti na kikokotoo akajumlisha mwenyewe. Kesi ilifunguliwa hata hivyo, na Septemba 5 mahakama ikayathibitisha matokeo. Watu waligombana, lakini safari hii waligombana juu ya karatasi walizoziona.

Sisi tunaoandika haya tumewahi kukesha nje ya chumba cha kujumlishia kura, katika nchi ambayo hatuwezi tena kurudi. Alfajiri mlango ulifunguliwa, bwana mmoja mwenye tai akatusomea namba, mlango ukafungwa. Tuliandika kwamba hatukuona namba hizo zilikotoka. Hatukuandika kwamba zilikuwa za uongo, kwa sababu hatukujua. Hilo lilitosha kutuleta hapa.

Ndiyo maana tunapowaona vijana pale Solbosch wakibishana juu ya karata zisizo na mgawaji, hatucheki. Wengi wao hawatacheza poka maishani. Swali lao ndilo lile tuliloliuliza nje ya ule mlango: kwa nini tuamini mkono tusiouona?

Poka isiyo na mwenye meza huenda isifike mbali, na kwa ajili ya wale walio kwenye orodha ya EPIS, pengine ni heri. Lakini ile hesabu imeshaondoka mezani, na haiwezi kurudishwa. Siku nyingine mwenye namba akikwambia huwezi kuoneshwa zilikotoka kwa sababu ni mambo ya kitaalamu, mjibu kwamba wataalamu walishalimaliza hilo mwaka 1979, kwa kufuli mbili na masanduku hamsini na mawili.